Nilisema Uwanja Uko Sawa

Mimi nilikuwa naangalia mpira.

Naanza hapo kwa sababu kila aliyekuwapo siku ile ana habari kamili, ila yangu ina tundu katikati. Kona ilipigwa kutoka upande wa mikorosho, beki akauondoa mpira kwa kichwa, ukapaa, na macho yangu yakaufuata hadi nje ya kumi na nane. Niliporudi kutazama golini, mpwa wangu alikuwa chini. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa, goti la kulia amelikumbatia kwa mikono miwili, analitazama. Hakulia wala hakuita mtu.

Ilikuwa nusu fainali, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa 10. Hela za korosho zimeanza kuingia mifukoni, uwanja umejaa mpaka watu wamepanda juu ya tofali za nyumba inayojengwa pembeni. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mashindano yetu ya mtaani, huku nje kidogo ya mji wa Mtwara, njia ya kwenda Mikindani. Kazi yangu ni uwanja: kuchora mistari, kufunga nyavu, kuokota chupa na mawe. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimeuzunguka wote na kopo langu la majivu.

Na yule ni mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu, tumbo moja. Msomaji wa huku Kusini sina haja ya kumweleza mjomba ni nani kwa mpwa.

Wiki 6 zimepita na bado naamka usiku.

Kabla ya magharibi

Machela hatuna. Tulimbeba wanne, tukampakia kwenye bajaji, mguu umenyooshwa juu ya mapaja ya rafiki yake. Bajaji haijafika hata kwenye lami, uwanjani watu walikuwa wameshagawanyika.

Golikipa wa timu pinzani, aliyekuwa karibu kuliko wote, alisema: "Mguu umezama. Kuna shimo pale, nimeliona kwa macho yangu." Akaonyesha kwa kidole, usawa wa nukta ya penati, kushoto ukitokea golini.

Mwenyekiti wa kamati akasema hakuna shimo. Uwanja umekaguliwa. Kijana amegeuka vibaya akiwa na njumu za kuazima.

Mama anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini, nyuma ya goli, ambaye hana timu na mpira haumhusu, akasema amekanyagwa. Namba 4 kamkanyaga kifundo, mwamuzi hakuona. Akaapa kwa jina la Mungu.

Wenzake watatu wa mpwa wangu walisema walisikia mlio. Mmoja wao alikuwa nusu ya pili ya uwanja, watu wanapiga vuvuzela na madebe, lakini anasema alisikia. Simwiti mwongo. Nimegundua tu kwamba ukishaona goti limevimba, sikio nalo linarudi nyuma kutafuta sauti.

Mpwa mwenyewe nilimuuliza ndani ya bajaji. Maneno yake nayashika kama yalivyo, kwa sababu ndiyo ya kwanza, kabla mtu yeyote hajamwambia kitu:

"Sijui mjomba. Nimegeuka tu, goti likaenda kwake."

Mwamuzi aliniuliza

Sheria za soka ziko 17. Ya 5 inampa mwamuzi mamlaka ya kusema uwanja unafaa kuchezewa au haufai, na sheria hiyohiyo inamkinga asije akadaiwa kwa majeraha yatakayotokea. Hilo nililijua juujuu, kama tunavyojua mambo mengi ya mpira. Jioni ile nikalielewa vizuri.

Nilikuwa nakunja nyavu. Mwamuzi akanifuata, kijana mpole, filimbi bado inaning'inia shingoni.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi nilikuuliza. Nilikuuliza uwanja upoje, ukaniambia uko sawa."

Kweli aliniuliza. Siku zote huwa anauzunguka mwenyewe kabla ya mechi. Siku ile alifika amechelewa, ametoka kuchezesha mechi nyingine, mgeni rasmi ameshakaa, watu wanapiga miluzi. Akaniuliza huku anafunga kamba za viatu, na mimi nikajibu huku nafunga wavu.

Nimelifikiria sana jibu langu. Kwetu mtu anaweza kuwa na homa, mtoto hajalala, unga umeisha ndani, lakini akiulizwa habari za asubuhi atasema nzuri. Si uongo. Ni mlango tunaoufungua ili mazungumzo yaingie. "Uko sawa" yangu ilitoka hivyohivyo. Ila yeye hakuwa ananisalimia. Alikuwa ananiuliza.

Goti

Uvimbe uliposhuka, daktari alimlaza kitandani akaniita nisogee. Alishika paja kwa mkono mmoja, kwa mwingine akashika mguu chini ya goti, akauvuta mbele taratibu. Alianza na goti zima, la kushoto. Lilisogea kidogo likakwama, kama droo iliyofika mwisho. Akaja la kulia. Likasogea, likaendelea kusogea, halikwami. Mpwa wangu alikuwa anatazama dari. Mimi nilikuwa natazama mkono wa daktari, na nilitamani auondoe.

Kano ya mbele, iliyo ndani kabisa ya goti. Ile ambayo kwenye habari za michezo wanaiita ACL, tukiisikia tunajua mchezaji hatutamwona mpaka msimu ujao. Kipimo cha picha alichokwenda kufanyiwa baadaye kilisema hivyohivyo.

Nilimuuliza daktari swali lililonileta. Hii ni shimo?

Akanijibu bila haraka. Kano hii kwa wacheza mpira hukatika mara nyingi bila mtu kuguswa na mtu. Mguu umesimama chini, mwili unageuka, goti linaingia ndani. Shimo linaweza kufanya hivyo. Njumu iliyonasa inaweza. Uchovu unaweza. Hata kwenye uwanja mzuri kabisa, wenye nyasi na wahudumu, inatokea.

Kwenye karatasi aliandika kilichokatika. Penye sababu akaandika: aliumia akicheza mpira.

Nilitoka na karatasi ile nikiwa na hasira nayo. Nilitaka iseme zaidi. Na kama nitasema kweli yote hapa, nilitaka iseme si shimo.

Pole na fidia

Kikao kilifanyika chini ya mwembe, ofisi ya serikali ya mtaa. Swali lililoandikwa kwenye daftari la katibu lilikuwa: kijana aliumiaje. Swali ambalo kila mtu alikuwa nalo kifuani lilikuwa: nani analipa. Upasuaji ni Dar, zaidi ya kilomita 550, nauli za watu wawili kwenda na kurudi, kisha miezi ya mazoezi ya viungo. Hakuna mchezaji hata mmoja aliyekatiwa bima. Fomu ya kushiriki inasema kila timu itawajibika kwa wachezaji wake. Mstari huo niliuchapa mimi, nikiunakili kutoka fomu ya mwaka juzi bila kuusoma mara mbili. Na fedha za kamati zilikuwa zimeshanunua ng'ombe wa bingwa, amefungwa nyumbani kwa mwenyekiti anakula majani.

Kama ni shimo, inalipa kamati. Kama si shimo, inalipa familia.

Tangu hapo sikumsikia mtu akisimulia tu alichokiona. Kila aliyefungua mdomo alijua maneno yake yana bei.

Golikipa, ambaye timu yake ilikuwa imeingia fainali, alisema sasa kwamba pengine ulikuwa mchanga mwepesi, si shimo hasa. Mama wa ming'oko hakuitwa. Namba 4 aliitwa, akasema hakumgusa. Siku mbili baadaye alinikuta dukani akaniambia pembeni, macho chini: "Nilimgusa kidogo, mwalimu. Lakini alikuwa ameshaanza kuanguka." Kijana wa miaka 18. Nilimwambia asante. Sikujua niseme nini kingine.

Kisha wakaniuliza mimi.

Dada yangu alikuwa amekaa kwenye benchi la wanawake, anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Nikasimama. Nikasema: "Asubuhi niliuzunguka uwanja. Ulikuwa sawa."

Dada hakuinua kichwa.

Kamati ikatoa bahasha ya shilingi 200,000. Kilichotuchukua muda mrefu hakikuwa kiasi. Kilikuwa neno moja la kuandika kwenye daftari. Mjomba mwingine wa kijana, mkubwa wangu, alitaka iandikwe fidia. Mwenyekiti akasema fidia hulipwa na mwenye kosa, hii ni pole. Nusu saa nzima tukazunguka hapo. Mwishowe ikaandikwa: familia imepokea pole.

Neno hili la kwetu ni zuri sana. Mtu akijikwaa ng'ambo ya barabara, wewe uliye huku unamwambia pole, na hakuna anayedhani wewe ndiye uliyemtegea jiwe. Linakuruhusu kuumia pamoja na mwenzio bila kuulizana kosa. Lakini siku ile niliona kwamba linaweza pia kuwa mahali pa kujificha. Tulijificha humo wote, na mimi nikiwemo, huku dada yangu anahesabu noti.

Hadithi zinavyokua

Wiki ya pili mpwa wangu alianza kusema alihisi mguu unaingia. Wiki ya tatu shimo lilikuwa na kina: mpaka kwenye kifundo. Wageni walikuwa wanakuja kumwona kila siku, kila mmoja na habari zake za uwanjani, na yeye amelala na goti lake hana la kufanya ila kusikiliza. Huyu ni kijana aliyekuwa na miaka 13 Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019. Msimu wake wa kwanza tu ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho. Vijana wote wa Lindi na Mtwara waliona njia imefunguka, inaanzia hapahapa kwetu, si lazima uzaliwe Dar. Sasa amekaa kitandani anatafuta ni nini kilimfungia njia hiyo. "Goti likaenda kwake" si jibu la kuishi nalo.

Kwa hiyo sikumlaumu. Kilichonishtua ni kwamba yangu nayo ilikuwa inabadilika, ila kwa kurudi nyuma.

Ilianza kama kitu kidogo. Asubuhi ile, baada ya kuhesabu hatua 12 kutoka golini na kumwaga majivu ya nukta ya penati, nilitembea kwenda kushoto kufuata kamba. Kuna mahali kisigino kilibonyea. Majivu yakamwagika kidogo mkononi. Nikapangusa mkono kwenye suruali nikaendelea, kwa sababu aliyeshika ncha ya pili ya kamba alikuwa ananiita.

Je, lilitokea? Au nimeokota kisigino hicho kwenye maneno ya golikipa, nikakivaa? Nimejaribu kila njia. Nimelala chali gizani nikarudia asubuhi ile hatua kwa hatua. Kila nikirudia, kinabonyea zaidi.

Toroli la mchanga

Kuna jambo lililofanya yote haya yasiweze kumalizwa kwa kwenda tu kutazama.

Jumapili asubuhi, siku moja baada ya kijana kuumia, mjumbe mwenzetu ambaye ni fundi ujenzi alichukua toroli, koleo na ndoo mbili za maji, akaenda uwanjani peke yake. Hakutumwa. Akajaza mchanga kila palipobonyea, akamwagia maji, akashindilia. Watoto huwa wanacheza pale tangu alfajiri na hakutaka mwingine aumie.

Familia ilipopata habari ikasema: kama hapakuwa na shimo, amefukia nini? Kamati nayo ikasema: uwanja wote ulikuwa na mabonde madogo, kajaza sehemu tano au sita, na hakumbuki zilipo zote.

Fundi alikuja nyumbani usiku, hata chai hakunywa. "Mwalimu, sasa ningeacha?"

Nilimweleza nilichokuwa nimekisoma. Kwenye mahakama za shirikisho za Marekani kuna kanuni ya ushahidi, ya 407, inayosema ukitengeneza kitu baada ya mtu kuumia, utengenezaji huo hauwezi kutumiwa kuthibitisha kwamba ulikuwa na kosa. Sababu mojawapo ni ileile iliyomtoa yeye nyumbani na toroli: watu wasiogope kurekebisha hatari kwa kuhofia kuhukumiwa nayo.

Akatulia. Akasema hilo wameliwaza vizuri. Nami naamini hivyo. Katika watu wote wa mkasa huu, yeye peke yake ndiye aliyefanya kitu kilichomfaa mtoto wa mtu.

Lakini ushahidi aliufukia. Nia yake safi na koleo lake vilifanya kazi pamoja.

Nilichosoma usiku

Usingizi ukikataa, mtu unashika simu. Nilianza kutafuta watu wengine waliobishana kuhusu ardhi.

Tarehe 1 Novemba 2015, mjini St. Louis, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa San Francisco 49ers, Reggie Bush, alikimbia akatoka nje ya mstari, akafika kwenye zege tupu iliyokuwa imezunguka zulia la nyasi bandia, akateleza, goti likaumia vibaya. Wiki moja tu kabla, mchezaji wa Cleveland, Josh McCown, alikuwa ameteleza kwenye zege hiyohiyo akaumia bega. Baada ya Bush ndipo raba za kuzuia utelezi zikatandikwa juu yake. Mwaka 2018 baraza la raia waliosikiliza kesi mahakamani likaamua timu ya Rams, iliyokuwa mwenyeji wa uwanja ule na sasa ilikuwa imeshahamia Los Angeles, imlipe zaidi ya dola milioni 12.

Nilirudia kuisoma kesi hiyo mara nyingi, na si kwa sababu ya hela. Zege ile ilikuwapo. Kamera zimeionyesha, kila mtu ameiona, hakuna aliyesema haipo. Walichogombania ni nani anahusika nayo. Sisi kwetu tulikuwa tunagombania kama kitu chenyewe kiliwahi kuwapo.

Kesi iliyonikaa karibu zaidi ni ya Robert Griffin, wa mpira huohuo wa Kimarekani, Januari 2013, timu yake ya Washington ilipocheza na Seattle kwenye nyasi zilizochakaa. Goti lake liligeuka akiwa anainama kuokota mpira. Mechi hiyohiyo Chris Clemons wa Seattle naye akakatika kano ya mbele, na kocha wao Pete Carroll akaulaumu uwanja waziwazi. Lakini goti la Griffin lilikuwa limeshaumia mwezi mmoja kabla, na alikuwa anachechemea mbele ya watu wote kabla halijaenda. Wapo waliolaumu nyasi, wapo waliomlaumu kocha wake kwa kumwacha acheze. Kamera kila pembe, marudio ya polepole, na bado hawakukubaliana.

Hapo nilipumua kidogo. Kisha nikajistukia: nilikuwa natafuta nafuu yangu.

Huko Marekani ligi ya mpira huo, NFL, inapima ugumu wa uwanja kwa nyundo ya Clegg, kifaa kilichobuniwa na Baden Clegg wa Chuo Kikuu cha Western Australia, mwanzoni kwa ajili ya kupimia udongo wa barabara. Ni chuma cha kilo 2.25 kinachodondoshwa kwenye bomba kutoka urefu wa sentimita 45 hivi, na kipimo kinasoma ardhi imekipokea kwa ukali gani. Ikifika 100 uwanja hauruhusiwi. Australia kwenyewe, watafiti akiwemo daktari John Orchard walichambua miaka mingi ya majeraha ya goti katika mpira wao wa Kiaustralia, wakaona kano hii ilikatika zaidi wakati ardhi ni kavu, mvua imekuwa haba.

Nilisoma hilo nikaufikiria uwanja wetu wa mwezi wa 10. Toka mwezi wa 5 hakuna mvua ya maana. Udongo mwekundu umepigwa na jua mpaka unalia chini ya kiatu, na juu yake vumbi la unene wa kidole. Kijana ana njumu za kuazima, za vyuma virefu, namba moja zaidi ya mguu wake, soksi mbili kujaza nafasi. Jana yake alicheza robo fainali dakika 90, maana tunabana ratiba ili mashindano yaishe kabla watu hawajatawanyika mashambani. Vyote hivi nilivijua asubuhi ile. Njumu niliziona kwa macho, nikamwambia azikaze kamba.

Nyundo ya Clegg ingeletwa kwetu, ingepiga kelele uwanja mzima. Ila kijishimo cha upana wa bakuli, kama kilikuwapo, kingepita katikati ya pigo moja na jingine.

Nondo

Jumapili moja ya mwezi wa 11 niliamka kabla ya adhana nikaenda na kipande cha nondo cha milimita 10, urefu wa mkono. Nilianzia kwenye nukta ya penati nikielekea kushoto. Kila hatua nachoma.

Ardhi ilikataa. Vidole viwili, inagonga. Hatua nyingine, vidole viwili, inagonga. Kiganja kikaanza kuuma. Hatua ya nne nondo ikaingia, na mimi nikaifuata nusura nianguke. Nikaichomoa, nikachoma tena palepale kwa mkono mmoja. Shibiri mbili.

Nilikaa chini pale vumbini.

Halafu akili ikaanza kazi yake. Ni laini kwa sababu palikuwa na shimo, au ni laini kwa sababu fundi amepajaza mchanga mwezi uliopita? Mchanga wa toroli hauwezi kushuka shibiri mbili kama hapakuwa na nafasi ya kushukia. Lakini nafasi hiyo ilikuwa wazi siku ya mechi, au fundi ndiye aliyeifungua akichimbua kidogo ili mchanga ushike? Nikamuuliza. Hakumbuki kama alichimbua.

Sikumwambia mtu mwingine. Nondo nikaisimamisha nyuma ya mlango.

Mvua ya kwanza

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja wiki iliyopita, usiku kucha, ikapiga mabati mpaka nikashindwa kusikia redio. Asubuhi nikapita uwanjani nikienda shule. Maji yalikuwa yamekwisha kunywewa na ardhi, ila usawa wa penati palikuwa na madimbwi mawili madogo, duara, kama macho.

Nilisimama kwenye moja nikatembea hadi la pili. Hatua 8.

Nikarudi nyumbani kuchukua futi. Mita 7 na sentimita 25. Upana wa goli la sheria ni mita 7.32, na magoli yetu ya miti hayakuwahi kupimwa na mtu makini.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na safari hii sikupewa na mtu. Miaka mitatu iliyopita, aliyenunua kiwanja cha upande wa kaskazini alipoanza kujenga ukuta, tuliusogeza uwanja mzima kusini kwa hatua kama 12. Goli la kusini tuliling'oa. Nguzo zilikuwa za mvinje. Nguzo ya kushoto niliishika mimi, tukaitikisa watu watatu mpaka ikatoka, nikawa nimetazama chini ndani ya lile tundu na unyevu wake. Tulilijaza makumbi ya nazi na mchanga, tukakanyaga, tukaenda kunywa soda.

Makumbi yanaoza. Yakioza yanapungua, na mchanga ulio juu unashuka taratibu, mwaka baada ya mwaka, chini ya vumbi ambalo upepo unalisawazisha kila siku ili pasionekane kitu.

Nilipiga magoti kwenye tope nikachimba kwa mkono. Mchanga wa fundi kwanza, mweupe, wa ujenzi. Chini yake ule mwekundu wa kwetu. Chini yake nyuzi nyeusi, zimelowa, zinakatika ukizivuta. Nikazitoa kiganja kizima.

Nilimpigia dada. Wakaja, kijana kwa gongo moja, mama yake nyuma ameshika kandambili mkononi, tope limemfika kifundoni. Nikawaonyesha. Nikawaeleza nguzo, makumbi, ukuta, mwaka. Nikadhani mpwa wangu atasema si niliwaambia.

Alilitazama shimo muda mrefu. Kisha akatazama goli, akatazama kona ya upande wa mikorosho, akarudi kulitazama shimo.

"Ni hapa?" nikamuuliza.

"Sijui mjomba," akasema. "Labda hapa. Labda pale mbele kidogo. Niligeuka tu."

Kimya. Kunguru walikuwa juu ya mwamba wa goli.

"Wewe asubuhi ile ulikanyaga hapa?"

Nikamwambia nilikanyaga. Nikamwambia palibonyea, nikaendelea na kamba. Dada yangu alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu kile kikao, akaniambia niinuke kwenye maji, nitaumwa.

Nimeomba kikao kiitishwe upya, mwenyekiti amekubali, ni Jumamosi hii. Makumbi nimeyatia kwenye kopo langu la majivu. Lipo hapa mezani ninapoandika, na yameanza kukauka.